Kilio Tulichokizuia

Mwezi ule ulianza na kikohozi cha baba, na kikohozi cha baba hatukukiogopa. Mtu aliyevuta kiko miaka yote ile ana haki ya kukohoa. Mama alimchemshia tangawizi na mchaichai, kisha akamfunika blanketi juu ya sufuria ya majani ya mkaratusi. Baba akatoka humo jasho linamtiririka, analalamika kwamba tunampika kama ndizi. Tulicheka. Nikarudi mjini Kayanga kwenye cherehani yangu karibu na stendi.

Jumapili niliporudi nyumbani Bweranyange, nilimkuta hawezi kumaliza sentensi. Ugonjwa wenyewe hatukuutaja. Wakati ule watu walisema "changamoto ya kupumua," hata kanisani, kana kwamba ukilirefusha jina, ugonjwa utachelewa kufika. Mganga wa zahanati alimpima akatuita nje. Alale kifudifudi, akae peke yake, na zaidi ya yote asishtuliwe. "Pumzi aliyonayo ni ndogo," alisema. "Habari mbaya moja itaimaliza."

Kumweka mgonjwa peke yake, kwetu! Usipokwenda kumwona mgonjwa, akipona huna uso wa kukutana naye. Nilisimama mlangoni na barakoa niliyoishona mwenyewe, nikawa nawaamkia shikamoo watu walionizidi umri huku nikiwarudisha walikotoka. Walinitazama kama mtoto aliyeharibiwa na mji. Mimi ni mkali, sikatai. Lakini nikigeuka, mama ameshawapitisha migombani, wameingia kwa mlango wa jikoni. Kila mmoja anamshika baba mkono, na mama anazungusha kile kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, vidole vyote mle mle.

"Mama!"

"Wamekuja kutuona, mwanangu. Niwafukuze, mimi nina roho gani?"

Nilifoka mpaka koo likaniuma. Akaniambia nipunguze sauti, nitamwamsha mgonjwa.

Kisha akaanza kukohoa yeye. Alikohoa ndani ya khanga, jikoni, akidhani moshi utabeba lawama. Nilipomshika paji la uso lilikuwa linachoma. Nikamtafutia gari la kumpeleka hospitali, na baba tukamwambia mama anakwenda kupumzika kwangu Kayanga, maana amemuuguza muda mrefu bila kulala. Baba akaitikia kwa kichwa. Mama alimuaga kutoka mlangoni, hakuingia, akamwambia ale.

Hospitalini aliniuliza jambo lile lile kila alipopata pumzi: baba yako amekula? Nilimjibu amekula; tulikuwa tumemwachia jirani. Siku aliyokufa nilikuwa nimetoka kutafuta chai. Niliporudi na chupa mkononi, muuguzi alikuwa ameshamfunika shuka. Sikulia. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata machozi yalikuwa kazi, na kazi nilikuwa nayo ya kutosha.

Mdogo wangu wa kiume alikuja kutoka Songambele, alikokuwa na shamba lake la kahawa. Tulikaa kwenye benchi nje ya hospitali tukaamua. Mama atazikwa kwenye kibanja chetu, hilo halikuwa na mjadala; mtu hatupwi nje ya migomba yake. Lakini baba asijue mpaka apate nguvu. Tulikuwa tumempoteza mmoja, na hatukutaka amfuate.

Kwa hiyo kaburi lilichimbwa chini kabisa, mpakani, mbali na dirisha la baba. Majirani walileta ndizi, kuni na nyasi za kukalia, mdogo wangu akawapeleka uani kwa jirani na kuwaomba wasipige kilio. Walimtazama kama walivyonitazama mimi. Kwetu, aliyekufa huliliwa na watu wake kwa sauti, kijiji kisikie. Asiyeliliwa ni kama hakuwa na mtu. Na mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kupaza sauti kwenye kila msiba. Akazikwa watu wakiwa wameuma khanga.

Mimi sikumwona akishushwa. Nilikuwa chumbani na baba, nimemfungulia redio kwa sauti kubwa, mtu anasoma bei za mazao, nami namlisha uji kwa kijiko.

"Mama yenu anarudi lini?" aliuliza.

"Kesho, Tata."

"Nipigie simu niongee naye."

"Amelala."

Mama yangu, kulala mchana! Hakuwahi maishani mwake. Baba alinitazama, akageukia ukutani, na baada ya hapo hakumuulizia tena. Nilimshukuru Mungu kwa hilo. Niliona mzigo mmoja umeniondokea.

Kesho yake asubuhi aliniambia nizime ile redio. Nikazima. Alikaa akisikiliza, kichwa kimeinuka kidogo kwenye mto.

"Mbona sisikii jembe?"

Ulikuwa msimu wa kupanda maharage. Kila asubuhi kijiji kizima huwa kinalima, unasikia majembe yakigonga mawe kuanzia juu mpaka bondeni. Lakini kukiwa na msiba, hakuna anayegusa jembe mpaka wafiwa waruhusu. Tulikuwa tumezuia vilio vya wanawake wote wale, na hakuna kati yetu aliyekumbuka majembe.

"Mvua imelowesha mno," alisema mdogo wangu aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Mvua gani hiyo isiyogonga bati?"

Nikaingilia kati. "Kuna mzee amefariki, Tata. Ng'ambo kule."

"Msiba uko ng'ambo, na majembe ya huku yamelala?" Alivuta pumzi, akakohoa, tukasubiri. "Angekuwa mtu mwingine, mama yenu angekuwa amekwisha kuniletea habari. Hata kwa simu. Hajawahi kufa mtu hapa nikaambiwa na mwingine."

Mdogo wangu alikuwa anatazama miguu yake, nami nilikuwa nasubiri ile pumzi ikatike kama tulivyoambiwa. Haikukatika. Iliendelea, fupi fupi, na machozi yakawa yanashuka pembeni mpaka masikioni, naye hana nguvu ya kuyafuta.

"Mmekwisha kumzika?"

"Ndiyo, Tata. Tuliogopa utakufa."

Kisha akasema, taratibu, neno baada ya neno, maana pumzi haikutosha kuyasema pamoja:

"Mimi nililala hapa nikidhani amenichoka. Nikasema, ameuguza vya kutosha, ameona bora akae Kayanga. Nilikuwa nimemkasirikia."

Niliivua barakoa nikaitupa sakafuni. Nikafungua mlango wa nje, nikasimama uani, nikamlilia mama kwa sauti yangu yote, na kutoka kwa jirani wanawake wakaipokea.