Pengo la Mzee Obare

Mzee Obare wa Ndhiwa aling'olewa meno sita ya mbele, taya la chini, akiwa na miaka kumi na mitatu. Yalitolewa kwa chuma, hakuna ganzi, na aliyelia alichekwa mpaka alipooa. Waluo waliiita mila hiyo nak. Yeye alikuwa miongoni mwa vijana wa mwisho kijijini kuipitia, na hakuacha mtu asahau. Alipiga mluzi kupitia pengo hilo, akaita ng'ombe nalo, akamtongoza nalo Risper, mkewe.

Binti yao Irine alilionea haya pengo hilo. Tuseme ukweli, kwa sababu mwenyewe alikuja kuusema. Alikuwa msaidizi katika kliniki ya meno mjini Migori, na kila siku alifyonza mate ya watu wengine kwa mrija ili watabasamu vizuri. Wakwe zake watarajiwa walipotangaza siku ya kuja na mahari, alianza kumbembeleza baba.

"Baba, wageni watapiga picha."

"Wapige. Pengo si ugonjwa, nyara." Ndivyo alivyomwita siku zote kwa Kijaluo, yaani binti yangu. "Pepopunda ikikukaza taya, uji utapita wapi? Wazee hawakuwa wajinga."

Daktari Arasa, mwenye kliniki, aliposimuliwa alicheka. Siku hizi kuna sindano ya pepopunda, akasema. Irine naye akacheka. Baada ya mwezi mzima wa kubembelezwa mzee alikubali, maana alimpenda binti huyo kupita kiasi.

Meno manne ya pembeni, yote mazima, yalichongwa yakabaki vijiti. Chapa ya taya ikapelekwa Kisumu, ikarudi daraja: meno sita ya kauri yaliyoungana, kila upande yakishikiliwa na kofia mbili za kuvisha vile vijiti. Irine mwenyewe alikoroga saruji ya kuyagandisha. Mzee alipopewa kioo alijitazama kwa muda mrefu, akajaribu kupiga mluzi, ukatoka upepo mtupu.

Siku ya mahari picha zilipendeza. Wiki tatu baadaye mzee alikanyaga msumari zizini, ukaingia hadi karibu na mfupa. Risper aliosha kidonda kwa maji ya chumvi, akampigia binti simu.

"Baba yako amechomwa na msumari wa kutu."

"Pole yake. Mwambie asikanyage mbolea," Irine alisema. Kliniki ilikuwa imejaa. "Na meno je? Anatafuna vizuri?"

"Anatafuna."

"Basi sawa, Mama."

Hatua tano kutoka aliposimama Irine palikuwa na friji, na ndani yake ile sindano ya pepopunda.

Siku ya tisa taya la mzee lilikaza. Risper alipika uji mwepesi, akamkalisha mumewe, akatafuta mahali pa kuupitishia. Kijiko kiligonga kauri. Akajaribu mrija, ukagonga kauri. Uji ulimwagika kifuani huku mzee akimtazama tu, kwa macho ya mtu anayeelewa kila kitu. Jirani aliwakimbiza Homa Bay kwa gari lake.

Hospitalini walimpitishia mpira puani, akalishwa. Njaa haikumuua. Kilichomuua ni mishtuko iliyokunja mgongo wake kila mlango ulipogongwa, mpaka siku ya nne kifua kikagoma kuvuta pumzi. Irine alikuwa amemshika mkono. Daktari wa zamu alimuuliza kwa upole kama mzee alichomwa sindano alipoumia, naye akasema hapana. Daktari akaandika, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Risper hakuwa karibu kusikia swali hilo. Asubuhi alimvuta binti kando ya chumba cha maiti.

"Hatazikwa na meno ya watu. Wenzake huko hawatamjua. Wewe uliyaweka, wewe uyatoe."

Irine alirudi Migori kuchukua chombo cha ndoano cha kugongea kofia za meno. Aliporudi mwili ulikuwa umelegea, taya likafunguka. Aligonga mara nyingi, kwa sababu saruji aliikoroga vizuri. Upande wa kushoto ulitoka na kijiti kimoja cha jino. Hatimaye pengo likaonekana, na baba akawa tena baba. Hapo ndipo alipolia.

Risper aliosha yale meno bombani, akayakausha kwa leso na kumtia binti kiganjani.

"Usijiue kwa mawazo, nyara," alisema. "Si wewe. Ni haya meno. Yangekuwa hayapo, uji ungepita, angepona."

Irine alijua si kweli. Alijua pia kwamba kumsahihisha mama ni kurudi kwenye ile simu, kwenye msumari, kwenye friji. Alifungua mdomo. Mama alikuwa akimtazama kwa huruma, akingoja.

"Ndiyo, Mama," akasema. "Ni haya meno."