Glavu za Picha

Miaka kumi na tisa Mama Povu alikoroga magadi makali ya sabuni kiwandani kwa mikono mitupu, hadi alama za vidole zikafutika. Siku walipokuja wageni wa tuzo ya mwajiri bora, kila mkorogaji alivishwa glavu mpya. Picha zikapigwa, wageni wakaondoka, meneja akapita na boksi kama mkusanya sadaka.

"Vueni, jamani, zisichakae."

Wenzake wakavua. Mama Povu akakunja ngumi, hasira zimempanda.

"Mama, usinitie aibu," meneja akamnong'oneza.

"Aibu ungekuwa nayo, mwanangu, ungepita na hilo boksi? Sivui! Nifukuze nazo, kisha ukawaeleze wageni wako kosa langu."

Wenzake wakalisogelea boksi, wakachukua glavu zao.