Kanga wa Dada, Dungusi Langu

Jirani yangu hapa Rau anafuga kanga. Wakianza kelele zao asubuhi, kama bawaba isiyoonja mafuta, wivu wa utotoni unaniamkia. Ndiyo, wivu. Sisingizii kitu kingine.

Kwetu Machame binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, wa pili la mama wa mama. Basi dada yangu Ndeshi alikuwa na jina la bibi, na bibi alimwita "mwenzangu". Mimi niliitwa "wewe". Mtindi wa juu kwenye kibuyu ulikuwa wa mwenzangu. Kulala ubavuni kwa bibi, mwenzangu tena.

Likizo moja tulishuka na bibi shamba la chini, kule kwenye vumbi ambako migomba haioti, tukavune mahindi. Akampa dada kanga jike. Jamani, ndege yule! Madoa meupe mwili mzima, shingo ya buluu, na anavyotembea chini taratibu utadhani mama mchungaji anaingia kanisani. Mimi nikapewa kipande cha dungusi, miiba mitupu, nikakipande mpakani ambako masale, mimea yetu ya kuwekea mipaka, yalikuwa yamekauka. Nilikipanda huku nalia. Nikamuuliza bibi, kanga atataga, je, hili dungusi litataga nini? Alicheka tu, akaniambia nisimame vizuri nitazame mstari unakoelekea. Sikutazama mstari, nilimtazama kanga.

Baadaye nguchiro alimla. Dada alilia kutwa, na mimi nilijikaza nisicheke.

Bibi hayupo tena. Mwaka huu jirani wa kule shambani alidai kipande chetu, wazee wa ukoo wakaitwa. Dungusi sasa ni ukuta, limejaa matunda mekundu. Wakauliza nani alilipanda. Nikasema ni mimi, kwa mkono wa bibi. Wakanitaka nitangulie niwaonyeshe mpaka. Kwetu mpaka huonyeshwa mtoto wa kiume, nami nilikuwa mbele, wanaume wazima wananifuata. Hapo ndipo nilipomwelewa bibi.

Dada alikuja nyuma yangu, akasema polepole, "Mimi alinipa kitoweo. Wewe alikupa shamba."

Nikageuka. Uso ule niliufahamu vizuri, niliuvaa utoto wangu wote. Ningeweza kumpoza kwa neno moja. Sikulisema, maana yule kanga, nawaambia, alikuwa mzuri mno.