Saluti ya Jarnail

Kwetu Punjab mtoto haombewi cheo, anapewa kabisa kwenye jina. Hapa kijijini kwetu Chak Phulla tuna Subedar anayeuza mbolea, na Kaptan ambaye hata gwaride hajawahi kuliona. Kaka yangu, baba alimwita Jarnail, yaani jenerali. Baba mwenyewe, Bachittar Singh, aliishia usajini, na alistaafu akiwa amechoka kuwapigia saluti watoto wa watu. Mimi niliitwa Mindo tu, na hakuna aliyetarajia chochote kwangu. Nilishukuru.

Kaka akaingia chuo cha maofisa, Dehradun. Siku ya kuhitimu, kina baba waliowahi kuwa askari waliwapigia wana wao saluti huku machozi yakiwatiririka ndevuni. Kaka naye akaja, nyota zinang'aa mabegani, akasimama mbele ya baba.

"Unangoja nini?" baba akauliza.

"Baba, wenzangu wote wamepigiwa."

"Luteni nimewapigia hadi bega likalegea. Mimi nitampigia Jarnail. Ukifika huko, niite."

Mama alimfinya, lakini baba akishasema amesema. Kaka alicheka, ila shingo ilimwiva kwa aibu.

Jina lenyewe lilimponza mapema. Kwenye kambi yake ya kwanza, juu kwenye theluji ya Ladakh, alipiga simu bohari kuulizia mablanketi. "Jarnail hapa," alisema, kama mtu yeyote anavyojitambulisha. Mtunza bohari, Mpunjabi mwenzetu, aliruka kitini akaipigia simu saluti. Kesho yake yakaja mablanketi, na majiko ya mafuta yaliyoombwa tangu kiangazi, na kreti ya ramu ambayo hakuna aliyeiomba. Mkuu wake akamwita.

"Luteni, umejipandisha cheo?"

"Hapana, afande. Ni baba."

"Basi mwambie baba yako, safari ijayo atuletee na mayai."

Akapanda kaka yangu: kapteni, meja, kanali. Akahamia Assam, akahamia jangwa la Rajasthan, akarudi tena kwenye theluji. Hakula kabla ya askari wake kula, na watoto wao aliwajua kwa majina. Kila alipopandishwa tuligawa ladu, vile vitamu vya mviringo vya sherehe, kijiji kizima. Baba alikula yake, akajifuta ndevu, akauliza, "Ndiyo jenerali hiyo?"

"Bado, baba."

"Haya. Leteni nyingine."

Siku hizo nilimkasirikia baba, sifichi. Kila likizo kaka alisimama kidogo mlangoni kabla ya kuinama kumgusa baba miguu kwa heshima, na mimi nilijua anangoja nini. Mtu mzima, ana mvi, maelfu wanampigia saluti, na yeye anautaka mkono mmoja tu.

Akawa brigedia. Ikabaki ngazi moja. Mama, Mungu amrehemu, alikufa akiwa ameshatenga sukari ya ladu. Lakini nafasi zilikuwa chache na brigedia wengi. Wakachagua wengine, na umri wa kustaafu ukamfikia kaka palepale alipo.

Alirudi kwa teksi, bila bendera wala dereva wa jeshi. Nilikuwa nimetoka kwa mume wangu kuja kumpokea, nikaacha chapati za mahindi motoni nikatokea uani. Baba alikuwa kwenye kitanda chake cha kamba, anamenyea njegere kwenye bakuli. Safari hii kaka hakusimama mlangoni. Alikwenda moja kwa moja akainama.

"Baba, sikufika. Nimestaafu brigedia."

Baba alilisukuma bakuli, akadai fimbo yake. Akainuka polepole, akanyoosha kilemba, akabana visigino ndani ya ndara.

"Jina lako nani, afande?"

"Baba, acha utani."

"Nimekuuliza jina, ofisa!"

"Jarnail," kaka alisema. "Jarnail Singh."

Fimbo ikaanguka. Mkono wa baba ukapanda hadi kwenye kilemba.

"Kumbe ulifika tangu siku ile ya Dehradun," alisema. "Mimi ndiye niliyechelewa."

Kaka akarudisha saluti. Sasa, jeshini mdogo hashushi mkono kabla ya mkubwa. Wakabaki vilevile katikati ya ua, kila mmoja akimngoja mwenzake, mpaka chapati zangu zote zikaungua.