Pembe ya Ubao Ilipopigiwa Kura

Nikiwa mwaka wa mwisho wa uinjinia nilirudi likizo kijijini kwetu, Mamba. Nikakuta kikundi cha wakulima wa tangawizi kimepasua ubao wa mkaratusi wa kuvukia kijito, na hakuna anayethubutu kuwa wa kwanza kuupita. Mwenyekiti akaniita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mtu mwenye gunia akifika katikati, ubao utagusa maji?"

Ubao ukipinda kidogo, kanuni ya kitabuni inatosha. Huu ulikuwa mrefu na mwembamba, na kadiri unavyopinda ndivyo hesabu yenyewe inavyobadilika. Nikafungua kompyuta mbele ya wanakikundi, nikawaeleza. Tunajua ncha mbili za ubao zitalala kwenye kingo za kijito. Hatujui unaanza kuinama kwa pembe gani. Basi nakisia pembe, nakokotoa hatua kwa hatua hadi ng'ambo, naangalia ncha imetua wapi, narekebisha, narudia.

"Yaani unabahatisha," alisema mwenyekiti.

"Nabahatisha kwa utaratibu."

"Utaratibu wa kikundi ni kura."

Wakapiga kura. Ikapita pembe ya mwenyekiti, digrii mbili. Kompyuta ikaonyesha ncha ya ng'ambo inaelea hewani, juu ya ukingo. Katibu, ambaye ni shangazi yangu, akauliza kwa upole kama aandike kwamba ubao wa mwenyekiti haukufika.

"Weka wewe basi," mwenyekiti akamwambia.

Shangazi akasema ishirini. Ncha ikazama kwenye tope la kijito. Mwenyekiti akaomba hilo nalo liandikwe.

Nikawaambia ni habari njema: mmoja yuko juu, mwingine chini, kwa hiyo suluhisho liko katikati yao. Nilikosea kutumia neno suluhisho. Wale wawili walikuwa hawaongei vizuri tangu mgogoro wa kwaya, na wanakikundi wakaelewa kwamba nimekuja kuwapatanisha. Kila niliporudia hesabu, wazee walimsihi mwenyekiti ashuke kidogo, kina mama wakambembeleza shangazi apande. Mara ya saba ncha ikatua sawasawa ukingoni. Watu wakapiga makofi, na mwenyekiti akampa shangazi mkono. Ubao ungeshuka shubiri moja na nusu. Maji yalikuwa shubiri mbili chini.

Kesho yake tukautandika juu ya kijito. Shangazi akatangulia na gunia kichwani. Alipofika katikati, maji yakamfika vifundoni.

Nikatazama daftari langu, nikaona kosa. Nilikuwa nimepima mtu na gunia, nikasahau uzito wa ubao wenyewe, mti mbichi uliojaa maji. Niliona aibu, lakini nikawaambia kweli.

"Kwa hiyo pembe yetu haikuwa na kosa?" mwenyekiti aliuliza.

"Haikuwa nalo."

Akageukia kijitoni. "Katibu, umesikia? Hatukukosea."

"Nimesikia," shangazi alijibu, bado amesimama majini. "Nikivuka nitaandika."