Kiti cha Mwami

Katika jumba la makumbusho la mji niliokuwa napita tu, nilisimama mbele ya kiti cheusi cha mbao kilichonukia siraje, rangi ya viatu.

Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi kule Malawi, nyuma ya ukuta wa gereza la zamani, baba alichonga viti kama hicho. Kila alichokipaka siraje mimi nilikikalia siku kadhaa, nikila nsima, ugali wa huko, juu yake, mpaka kionekane cha kale. Siku moja alinipeleka Lilongwe nikaone mji. Sokoni, kati ya vinyago, nikakiona kiti changu. Mchuuzi alikuwa akimweleza mzungu, kwa Kiingereza chepesi, kwamba kilikaliwa na mwami, mfalme mmoja wa Kongo, hadi akafa.

“Baba, si njo kiti yangu hii?”

Baba akanishika bega. “Nyamaza, mwami. Acha muzungu anunue.”

Mzungu akakipapasa, akakibeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

Hiki cha makumbusho kina kibao: kilikaliwa na mwami, jina lake halijulikani.

“Haruhusiwi mtu kukikalia,” alisema mlinzi aliponiona nimekiinamia.

Nikaitikia kwa kichwa, nikanyamaza.