Dodoso la Maswali Tisa

Kwa wiki sita Daktari Brightness hakuwa na usingizi wa kueleweka. Mama mmoja wa Buguruni alikuwa amemfia mikononi kwa kutoka damu baada ya kujifungua, na kila alipofumba macho alimsikia mume wa marehemu, aliyekuja na nguo za mtoto, akiuliza mlangoni: "Mama mtoto tunaondoka naye saa ngapi?"

Kamati ya hospitali ilipitia faili ukurasa kwa ukurasa, ikasema hakukosea. Haikusaidia. Alianza kuona kwamba akifa yeye, mambo yatakaa sawa. Mwanzoni wazo hilo lilimtisha. Siku hizi lilikuwa linampumzisha. Hapo ndipo alipokubali anwani aliyopewa na muuguzi wa wodi yake, Nassibu: mwanasaikolojia anayewaona watumishi wa afya tu, kwa siri, bila faili kupita hospitalini.

Kwa bahati mbaya, anwani ilikuwa Kariakoo, ghorofa ya tatu, na ngazi zilipandia ubavuni mwa duka la mablanketi la baba yake.

Alipita ameinamisha kichwa. Hakufika mbali.

"Daktari wangu, leo unanipita kama duka la jirani?" Mzee Onesphory aliita kutoka kaunta.

"Shikamoo, baba. Nina mgonjwa huko juu."

"Marahaba. Atasubiri. Mama huyu ametoka Morogoro kufuata mzigo, mguu umevimba. Mama, ndiye huyu niliyekwambia. Huyu hashindwi."

Brightness alichuchumaa, akabonyeza kifundo cha mguu, akatazama alama ya kidole ikichelewa kufutika. Akamwelekeza mama yule akapime presha leo leo. Sauti yake ilikuwa tulivu mno, hata yeye mwenyewe ilimshangaza.

"Mmeona?" Mzee Onesphory aliwaambia wateja.

Juu, mwanasaikolojia Bharti alimkaribisha kiti, akampa karatasi na kalamu. Brightness aliitambua kabla hajaishika. Lilikuwa dodoso lilelile la maswali tisa ya kupima sonona analowajazisha kina mama wodini. Alijua jumla ipi humruhusu mtu kwenda nyumbani na ipi humzuia. Mkono ulijaza wenyewe: siku kadhaa hapa, hapana kabisa pale. Swali la tisa, la kufikiria kufa, alilijibu hapana bila kulisoma.

"Nne kati ya ishirini na saba," Bharti alisema baada ya kujumlisha. "Dada, mtu mwenye nne hapandi ngazi zangu."

"Nimechoka tu. Jumatatu narudi zamu."

Bharti aliiweka karatasi pembeni. "Hili swali la tisa, wagonjwa wako huwa unawaulizaje?"

Brightness alijiona wodini. Aliiona kalamu yake ikiwa tayari imefika kwenye hapana, akajisikia akisema, huna mawazo mabaya, eti? Na kina mama, wakiiona haraka yake, walimsaidia.

"Nawauliza mbio," alisema. "Ili waseme hapana."

"Mimi sina mbio. Unafikiria kujiua?"

Kutoka chini, kicheko cha baba yake kilipanda na kuingia dirishani.

"Karibu kila siku."

"Basi Jumatatu huendi kazini. Na leo huondoki hapa peke yako. Nani aje akuchukue?"

"Niliambiwa ni siri."

"Ni siri yako. Ndiyo maana simu utapiga wewe. Mimi nitakaa hapa hapa."

Nassibu alikuwa zamu. Mwingine aliyekuwa karibu alikuwa chini, kaunta, akimsifu kwa watu. Aliitazama simu muda mrefu. Mara mbili aliiweka mezani. Mara ya tatu akapiga.

"Baba, naomba upande huku juu," alisema, na hakuweza kuendelea.

"Kuna nini? Brightness?"

Alimsikia mzee akiwaambia wateja wasubiri. Simu haikukatwa. Baada ya hapo alisikia pumzi yake tu, akipanda ngazi kwa shida, na Brightness hakujua bado aanzie wapi kumwambia.